Kidole Gumba na Samaki wa Yaya

Ugonjwa wangu wa kwanza ulinikaza ngozi: vidole vikawa kama vya sanamu, mdomo ukapungua hadi kijiko kikubwa kikawa adui. Mtu wa kukaa nyumbani kama mimi hakupoteza mengi. Hata nilipokuwa na ngozi laini nilikuwa sitoki.

Mgeni nilikuwa naye Jumapili tu: yaya, dada yangu mkubwa, akitoka Kampemba na mfuko wa ndakala, samaki wadogo wakavu wa Pweto. Alinikaangia mwenyewe, maana vidole vyangu havigeuzi kitu kwenye sufuria. Siku sita nyingine nilizungumza na redio.

Kisha kidole gumba cha mguu kikavimba, kikawa chekundu. Hata shuka likikigusa, nalia. Daktari akapima damu. Figo zangu, alisema, zimechoka kwa ule ugonjwa wa ngozi, hazitoi asidi uriki inavyotakiwa, nayo imejikusanya kwenye kiungo. Jongo. Bia niache, maini niache, ndakala niache. Maji ninywe, mengi.

"Si ni ugonjwa wa matajiri huo?" nilimuuliza. Akatazama sandali yangu.

Kuacha bia hakukuniuma. Ndakala ndiyo iliyonishinda, na si kwa utamu: bila samaki, yaya angekuja kufanya nini? Basi nikala Jumapili mbili zaidi, kimya, kama mwenye akili. Ya tatu sikuweza kusimama kumfungulia.

"Fungua! Uko unaringa?"

"Yaya, ni kidole. Munganga wa hospitali alikataza ndakala."

"Tangu lini?"

"Wiki tatu."

"Na ulikuwa unakula tu! Sasa anaruhusu nini?"

"Maji."

"Maji!" alisema, kama mtu aliyetukanwa.

"Kuya tu, yaya, hata bila kitu."

"Miye nikuye kwa mugonjwa mikono bule? Bantu batasema nini?"

Nikasikia viatu vyake vikiondoka.

Jumapili mbili zikapita. Mguu ukapoa, nikawa mzima wa kutosha kufungua mlango ambao hakuna aliyeugonga. Ya tatu yaya alifika jasho tupu, bidoni, dumu la lita ishirini, kichwani.

"Iko maji yako," alisema.

Akakaa nusu saa, akanisema kuhusu vumbi, akaenda. Bidoni ilikuwa ya kwake, ya kuchotea. Lazima airudie ikiisha. Nilijimiminia kikombe cha kwanza kabla hajafika barabarani, halafu cha pili.