Ulezi wa Shimoni

Waliochimba changarawe ya barabara waliondoka na mtambo wao wa kijiko wakaniachia shimo. Shamba la marehemu mume wangu, lililosomesha watoto, likabaki mawe matupu. Hata mbuzi walipita bila kuinamisha kichwa.

Kaka wa marehemu akaja kuliangalia. "Shemeji, hapa pamekufa. Nakupa mavuno matatu. Pasipoota kitu, ukoo utawapa watu wa mjini pawe jalala."

Jalala! Nilimjibu kwa heshima, lakini moyoni nilikuwa natokota.

Kosa la kwanza nililifanya mwenyewe. Nilipanda milingoti, ile mikaratusi, maana Sumbawanga kila mtu anapanda milingoti. Kiangazi kikaikausha yote. Nililia, sisemi uongo. Mavuno ya kwanza yalikuwa yamekwenda hivyo.

Mama yangu akatoka Milanzi kuja kunipa pole. Alipoviona vile vijiti vyangu, akacheka mpaka akakaa chini. "Mwanangu, wewe Mfipa gani? Umesahau intumba?"

Intumba ni vichuguu vya udongo tunavyoinua mvua zikikaribia kuisha. Unafukia majani ndani yaoze, unapanda maharage juu. Mvua zikirudi unavisambaza, unapanda ulezi. Nimekulia humo, lakini shimoni hapakuwa na jani wala udongo wa kufukia.

Basi nikabeba. Udongo wa juu ambao wachimbaji waliusukuma pembeni, majani ya kando ya barabara, samadi, makapi ya majirani. Ndoo kwa ndoo, kichwani, mpaka shingo ikakakamaa. Watu wakanong'ona kwamba mjane kachanganyikiwa, anazika majani. Nikawaambia matanga bado, wasubiri.

Maharage yalitoka machache. Mvua ziliporudi nikavisambaza vichuguu, nikamwaga ulezi, na kila asubuhi nikawa naenda kuchungulia. Siku ulipochomoza nilipiga vigelegele peke yangu mle shimoni, jembe mkononi. Ukaota wote!

Baada ya kuvuna, shemeji akaja kutoa uamuzi wa ukoo. Nikamwamkia, nikamkaribisha chakula kwanza. Akamega ugali, akamega tena.

"Ulezi mtamu huu, shemeji. Umenunua wapi?"

"Sijanunua, shemeji. Umetoka jalalani kwenu."

Tonge likasimama njiani. Alitazama sahani, akanitazama mimi, akatazama mlango unaoelekea shambani. Kisha akaisogeza sahani mbele yangu.

"Niongeze," akasema.