Nilivyowindwa na Nguruwe Mufindi

Barua ya dada yangu Sekela ilinifikia nyumbani Iyunga mahindi yakikaribia kukomaa. Nguruwe pori dume alikuwa amekwishaharibu robo ya shamba lao kule Mufindi, na mahindi yale ndiyo chakula chao cha mwaka mzima. "Wewe ndiye mwindaji wa ukoo," aliandika. "Njoo." Siku hiyohiyo nikasafisha gobole la marehemu baba.

Kesho yake asubuhi nikapanda basi la Iringa. Njia nzima nilimweleza jirani yangu, mama mmoja wa Kibena mwenye kuku mapajani, jinsi nguruwe anavyolengwa. Tulipofika Makambako akaniuliza, "Umeshaua wangapi, baba?"

Nikageukia dirisha. Kusema kweli, nilikuwa nimeua kanga tu.

Mafinga nilishuka kwenye baridi. Shemeji Kalinga, seremala, alikuwa akinisubiri. "Kamwene, shemeji!" Akanisalimu hivyo kwa lugha ya kwao, akanipokea mfuko; bunduki nilikataa kumpa.

Jioni, tukila ugali na maharage, Sekela aliomba tufuatane.

"Hii si kazi ya wanawake, dada. Baba alinifundisha mimi."

"Haya, mdogo wangu," alisema, akaniongezea mboga.

Kulipopambazuka nilifuata nyayo peke yangu kutoka shambani hadi ukingoni mwa msitu wa mipaini. Nikamwona. Nikalenga, nikafyatua. Gobole likakohoa, likatoa moshi. Baruti ilikuwa imeshika unyevu. Nguruwe akageuka, akanitazama, akaja.

Sikumbuki nilivyoupanda ule mpaini. Ulikuwa mchanga, ukipinda kila nilipovuta pumzi. Kiatu kikanivuka, akakitafuna, kisha akaanza kuchimba mizizi. Mti ukatikisika. Nikapiga mayowe kwa Kinyakyusa, lugha ambayo kijiji kizima hakuna aliyeijua ila dada yangu.

Jua lilikuwa limepanda nilipomwona shemeji akitokea upande wa shamba, akigonga debe kwa fimbo. Nguruwe akainua kichwa kumtazama. Nyuma ya nguruwe, kutoka msituni, akanyata Sekela na mkuki wa mumewe. Akamchoma mara moja, nyuma ya bega. Nguruwe alikimbia hatua chache, akaanguka.

"Shuka," dada aliniambia. "Taratibu, usivunje mti wa watu."

Walicheka mpaka shemeji akakaa chini. Nami nikashuka, nikacheka. Kisha nikauliza, "Nani alikufundisha?"

"Baba. Alipokuwa anakufundisha wewe, mimi si nilikuwa nyuma yenu nimebeba mzigo? Nilikuwa nasikiliza."

Siku ya tatu nilirudi kwa lori la mbao, paja la nguruwe ndani ya gunia. Nilikaa juu ya mbao nikiwaza miaka yote niliyoitwa mwindaji, na Sekela akinyamaza tu.

Iyunga majirani walijaa uani. Mke wangu akalipima paja kwa mikono miwili. "Kumbe kweli unaweza! Ulimuuaje?"

Uongo ulikuwa tayari mdomoni. Nikaumeza.

"Aliyemuua ni dada Sekela," nikasema. "Mimi nilikuwa chambo."