Macho ya Nanzala Hayafumbi

Nanzala hupunguza sare za shule kwa cherehani kwenye kibaraza cha duka, hapa mtaani kwetu West Indies, na ukimletea kaptura chafu atakutukana mpaka ukaifue. Nampendea hilo. Mifupa ya fuvu lake iliungana mapema mno akiwa mtoto, vishimo vya macho vikabaki bila kina, kwa hivyo macho yametokeza nje na kope hazikutani. Akilala huzibandika plasta. Bintiye Mildred, wa miaka sita, amezaliwa vivyo hivyo. Daktari aliwaonya: mtu yeyote asiwagandamize usoni, jicho linaweza kuchomoka.

Jumapili moja kanisani kwetu, mwinjilisti mgeni aitwaye Wabuge alisema, "Tufumbe macho, tuombe." Katikati ya maombi akafoka: "Kuna mama hapa anamkazia Mungu macho! Hiyo ni pepo!" Sijui yeye alimwonaje, kama yake yalikuwa yamefumbwa.

"Mtumishi, hii macho haifungi," Nanzala akasema. "Ni mifupa."

Waumini wakamshika. Mimi Hulda, jirani yake kwa miaka tisa sasa, nilishika mkono wa kulia. Nasema bila kujificha, na bado naona aibu. Wabuge alimkamata kichwa, akamsindilia vidole gumba machoni huku akinguruma, mpaka jicho la kushoto likaruka nje, likaning'inia juu ya shavu. Damu ikamchuruzika. Kanisa zima likapiga vigelegele.

"Imetoka! Pepo imetoka!"

Nilimwachilia. Nanzala aliinua kope kwa vidole vyake mwenyewe, akalisukuma jicho mahali pake jinsi alivyofundishwa hospitalini. Alipogeuka, Wabuge alikuwa ameshamkamata Mildred kichwa, vidole gumba tayari.

Nanzala alinyakua kiti cha mbao. Pigo la kwanza lilimvunja Wabuge taya, la pili likamwangusha chini ya mimbari, na la tatu alilipata akiwa ameshalala. Hakuna aliyethubutu kumzuia. Mimi nilimkumbatia mtoto, nikalia kuliko yeye.

Jicho la kushoto la Nanzala halikupona. Kituoni, Afande Kipkorir alimwonea huruma.

"Mama, tuseme kiti ilikuponyoka tu."

"Mara tatu?" Nanzala akauliza. "Andika nilikusudia, Afande. Na uandike mtoto wangu bado anaona."