Safari ya Basotu Niliyoiahirisha

Mwaka 1988, nikiwa na miaka ishirini na moja, ugonjwa wa ndigana ulimaliza ng'ombe wa baba yangu pale Bashay, na shida ikaanza. Nakumbuka siku niliyofika Mbulu mjini kutafuta kibarua, nina darasa la nne na shati moja. Aliyenipokea ni Mama Jaya, mjane wa Kihindi mwenye duka la nguo na mafuta ya taa. Nilimbebea magunia, baadaye akanikabidhi lori la marehemu mumewe, nikalilipia polepole mpaka likawa langu. Nasema wazi, mali yangu nimeitafuta mwenyewe. Lakini usukani alinipa yeye.

Nyuma ya duka kulikuwa na hekalu lao. Wewe hukulikuta, mwanangu. Lilijengwa na wenye maduka wa zamani kabla baba hajaoa, na tofali zake alichoma babu yangu na wenzake. Ndani kulikuwa na sanamu ya marumaru ya mungu wao, kimo cha mtoto wa miaka mitano, na kengele iliyouamsha mji mzima. Viatu tuliviacha mlangoni, hata sisi Wakristo tuliopeleka maji tu.

Biashara ilipofunguliwa kwa kila mtu, Wahindi wenzake Mama Jaya wakahamia Arusha mmoja mmoja. Akabaki yeye na kengele. Siku moja akaniita.

"Kijana, mimi naumwa, binti yangu atakuja kunichukua. Mungu wetu hatuwezi kumwacha humu kama kiti kibovu. Anaagwa, anaoshwa kwa maziwa, anawekwa majini. Nipeleke naye ziwa Basotu, kwenye maji yaliyopokea majivu ya mzee wangu."

"Alhamisi, mama," nikasema.

Alhamisi nikapata mzigo wa ngano. Wiki iliyofuata, mahindi ya Masakta. Kila nikipita ananiuliza, "Kijana, maziwa nimechemsha tena. Niyamwage?"

"Mpe paka, mama. Jumatatu twende."

Paka yule alinenepa.

Jumatatu moja binti yake alifika, akamkuta hawezi kusimama, akampeleka Arusha. Hakumaliza wiki mbili, akafariki. Bado ningeweza kwenda mwenyewe, sanamu ilikuwa palepale. Sikwenda. Nilijiambia ni jiwe tu.

Kiwanja kikauzwa. Mnunuzi akabomoa hekalu ajenge vyumba vya maduka, akatafuta lori la kubeba kifusi. Likapatikana langu. Sikuuliza sanamu iko wapi. Nilimwaga safari tatu korongoni. Ya nne, mpakiaji akainua mkono mweupe wa marumaru, vidole vyote vitano vizima.

"Tajiri, huyu alikuwa nani?"

Nilirudi korongoni nikachimba kwa mikono mpaka kucha zikatoka damu. Sikupata kingine. Mkono ule niliupeleka Basotu, nikauosha kwa maziwa, nikauweka majini. Maneno ya kuaga sikuyajua.

Nilipomweleza baba, alinikazia macho.

"Usiniambie hukujua," akasema. "Ulijua, ukapenda magunia. Tofali za baba yangu umezitupa, na mungu wa aliyekulisha umemtupa pamoja nazo."

Hadi anakufa hakupanda lori lile. Mnadani alikwenda kwa miguu, mimi nikimpita na vumbi.

Sasa sikiliza, mwanangu. Ombi la mtu usilipime kwa imani yako, lipime kwa uzito lilionao kwake. Mzee mgonjwa akikutuma, nenda siku hiyohiyo, magunia yatakusubiri. Na ukikabidhiwa nyundo ubomoe nyumba ya kale, uliza kwanza nani alikuwa akiomba humo, na nani aliijenga. Huenda ni babu yako.

Mungu akupe maisha marefu, watoto wanaokusikia, na moyo mtulivu. Mimi leo nina malori mawili, mashine ya kusaga, nyumba ya tofali hapa Bashay, ekari kumi na nne Masakta, na ng'ombe thelathini. Moyo mtulivu haumo.