Kadi ya Mwajuma

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyenipa umri wa kukumbuka na subira ya kusimulia.

Nakumbuka siku moja, mwanangu, katika soko la jumla la Yide Lu, mjini Guangzhou, miaka ile watu wetu walipokuwa wakimiminika China kununua bidhaa. Nilikuwa mwalimu kijana wa kike niliyepata ufadhili wa kusoma huko. Siku zisizo na masomo nilimtafsiria mdogo wangu Hamisi, aliyekuwa akinunua midoli na madaftari ya kupeleka nyumbani.

Tulikuwa dukani, mzigo umeshafungwa, lori la kuupeleka bandarini Nansha linangoja nje, simu ya Hamisi ikalia. Alikuwa Shabani, kitinda mimba wetu, mkulima kule kijijini. Mradi wa kusaidia kaya maskini ulikuwa umefika kwao, na fedha zilitolewa kwa kadi yenye jina la mama, kwa sharti kwamba mtoto apelekwe kliniki. Mkewe, Mwajuma, alikuwa ameanza kuzipokea, na mtoto wao, aliyekonda kama ufito, sasa alikuwa akipata maziwa. Lakini wenzake Shabani barazani walimcheka, eti ameolewa.

"Mnyang'anye kadi!" Hamisi akafoka. "Mwanamume gani anangoja kupewa na mkewe? Nenda ofisini leo hii, waandike jina lako." Akakata simu.

Nilimjua Shabani. Si mtu mbaya, Mungu amhifadhi, ila pesa ikiingia mfukoni mwake kila mwenye shida hapo barazani huondoka nayo kidogo. Maziwa yale yangekatika.

Mwenye duka, mama wa Kichina tuliyemwita laobanniang, yaani mke wa bosi, akainua macho kutoka kwenye kikokotoo chake.

"Kaka huyu anagombana na nani?"

Nikamweleza yote, sikupunguza neno. Akacheka mpaka akafuta macho. Kisha akausukuma mkono wa Hamisi uliokuwa unampa malipo.

"Mwambie sipokei. Mimi ni mwanamke. Amngoje mume wangu, yuko ghalani anafunga maboksi."

"Dada, mwambie aache mzaha, lori linaondoka!"

"Bei hazijui," mama akaendelea, "lakini si ni mwanamume?"

Mwanangu, nyani haoni kundule. Nikamwambia Hamisi, "Kila safari unampa mama huyu mtaji wako, hujawahi kumuuliza mumewe yuko wapi. Mke wa Mchina unamwamini, mke wa ndugu yako humwamini? Mpigie Shabani. Sitatafsiri neno jingine mpaka umpigie."

"Watasema unanitawala, Dada."

"Na waseme."

Dereva akapiga honi. Hamisi akanitazama, nikatazama midoli. Mwishowe akapiga. "Shabani, iache kadi. Ni ya Mwajuma."

Nikamwomba simu. Nilijua jambo jingine: mradi ule ulimpa Mwajuma fedha, ukampa na kazi juu ya kazi, foleni ya kliniki na mikutano, huku ndoo na kuni zikimsubiri palepale. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

"Na siku ya kliniki, Shabani, maji utachota wewe."

"Maji, Dada? Mimi?"

"Maji. Mume wa mama mwenye duka huku anafunga maboksi, na bado ni mwanamume."

Alichota. Alichekwa njia nzima ya kisimani, akachota tena. Na mtoto, alhamdulillahi, akanenepa.

Basi, mwanangu, shika haya. Fedha ya mtoto ni amana. Ifike kwenye mkono ulio karibu na mtoto, wala usiuogope mkono huo kwa kuwa ni wa mwanamke. Tena usidhani jina la mama kwenye kadi linatosha, ikiwa mabegani hajapunguziwa kitu. Wakikucheka, waache wacheke. Baraza halinunui maziwa.

Mwenyezi Mungu akubariki wewe unayesoma, aitie baraka riziki yako, na akupe nyumba ambayo hakuna anayeona haya kumsaidia mwenzake. Amin.