Mbege ya Jumatano

Nilimaliza kidato cha nne kwa masomo ya usiku, katika umri ambao wenzangu walikuwa wanalipia watoto wao ada. Kisha nikasomea utoaji dawa. Siku niliyovaa koti jeupe kwenye famasi yetu pale mtaa wa Soweto, Moshi nzima ilisimama kunitazama. Haya, tuseme muuza ndizi wa jirani alinitazama, tena mara mbili.

Mfamasia wetu, mama ambaye hacheki kabla ya saa sita mchana, alinipa amri moja: dawa haivuki kaunta bila maswali. Una mzio? Unatumia dawa nyingine? Unakunywa pombe? Mimi niliyauliza kwa sauti ya hakimu.

Jumanne moja asubuhi akaingia mzee kutoka Machame, cheti cha daktari kakichomeka kwenye kofia. Amiba zilikuwa zimemfanyia mkutano tumboni. Kaandikiwa metronidazo.

"Shikamoo, Meku," nikamwamkia, kama Wachaga wanavyowaita wazee wao.

"Marahaba, mjukuu wangu. Fanya upesi, gari litaniacha."

"Unakunywa pombe?"

"Mimi? Tangu kipaimara sijaigusa!"

Nikaandika kwenye bahasha: kimoja mara tatu, siku tano. Alipofika mlangoni akageuka. "Jumamosi karibu nyumbani. Mjukuu wangu analetewa mahari. Mbege naifungua mimi, kata ya kwanza ya kibuyu ni yangu."

Niliruka kaunta. Inanifika kifuani kaunta ile. Mpaka leo sijui nilipitia wapi.

"Babu! Si umesema hunywi?"

"Pombe ni ile ya chupa. Mbege ni chakula. Ina ndizi, ina ulezi. Au na uji nao mmeupiga marufuku?"

Wateja wote wakawa upande wake. Mfamasia akatoka nyuma, akamweleza taratibu: dawa hiyo ikikutana na kilevi unaweza kutapika, na moyo ukaenda mbio. Asiguse mbege mpaka zipite siku tatu baada ya kidonge cha mwisho. Na dozi asiikatishe, ugonjwa utarudi.

Mzee akahesabu kwa vidole, akakaa kwenye benchi kama gunia.

"Hiyo ni Jumatano. Basi kata ataishika mdogo wangu. Miaka arobaini anaivizia! Atakunywa huku ananiangalia usoni, aisee. Bora nitapike."

Nikaona kabisa vidonge vyangu vikiishia kwenye shina la mgomba.

"Meku," nikasema, "nani anatangaza kwamba mbege imeiva?"

"Mimi."

"Lazima uonje?"

"Naanza kwa kunusa. Ikiwa bado, sionji." Kisha meno yake matatu yakajitokeza, moja moja. "Na hakuna anayebisha pua yangu."

"Mimi sijasikia kitu," alisema mfamasia, akajifanya anapanga dawa za kikohozi. Mabega yalikuwa yanamtikisika. Saa nne asubuhi!

Alhamisi ya wiki iliyofuata mzee akarudi na mkungu wa ndizi na bahasha tupu, ushahidi wa dozi. Akanisimulia: Jumamosi aliinamia pipa, akanusa, akatikisa kichwa: "Bado." Wageni wakalishwa machalari ya ndizi na nyama, wakarudishwa kwao na mahari yao. Jumapili, bado. Jumatatu, bado. Jumanne mdogo wake akanong'ona kwamba hata inzi wamelikimbia pipa. Jumatano mzee akatangaza imeiva, wakwe wakaitwa tena, akameza kata ya kwanza huku machozi yanamtoka kwa uchachu, akawapitishia wengine. Nani angeitema mbege ya mahari mbele ya wakwe?

"Na mdogo wako?" nikamuuliza.

Akaelekeza kidole nje. Pale kwenye ngazi alikuwa ameketi mzee mwenye uso ule ule, kakumbatia tumbo. Nikamwingiza, nikachukua kalamu.

"Shikamoo, babu. Unakunywa pombe?"

"Mimi? Kamwe!"

Nikaiweka kalamu chini.

"Na jana, babu, ulikula kata ngapi?"