Chati yangu na beseni la jezi

Leo chati yangu imeumbuliwa na mfua jezi. Wallahi.

Mnajua kazi yangu ni takwimu za timu. Ligi imefika nusu, basi asubuhi nikaenda klabuni Ghubra kumwonyesha kocha nani anafaa na nani hafai. Nahodha naye alikuwepo, ananukia udi kama bwana harusi.

Nikawasha skrini kwa mbwembwe.

"Huyu winga wetu mpya hapokei mipira. Yuko chini kabisa. Tumrudishe timu ya vijana."

Kocha keshashika kalamu amkate.

Ami Seif, mzee anayetufulia jezi, alikuwa akitumiminia kahawa. Akasita.

"Mwanangu, hapokei au hapewi?"

Kocha akaiweka kalamu chini. Mzee akaendelea:

"Mimi chati sizijui, nnajua jezi. Ya huyo kijana kila mechi nnairoweka, udongo mpaka kwenye kola. Ya nahodha nnaipiga pasi tu. Udi wa asubuhi bado umo."

Jamani! Nahodha akaanza kukichunguza kikombe chake. Mimi nikaizima skrini taratibu, kama si yangu.

Kocha akaamua: Ijumaa kijana anaanza. Na kuanzia leo jezi zote zitakaguliwa kabla ya kufuliwa, hata za mazoezi.

Jioni hii mazoezini nahodha kajitupa majanini, akajigaragaza vizuri, mbele na nyuma, mpaka kola.

Mpira wenyewe ulikuwa kwenye goli la upande wa pili.

Haya, niambieni wenzangu: hiyo nayo niitie kwenye chati?